Kwa nini wageni wengi hutoka kapa Tate Modern

Mgeni anatenga asubuhi moja ya safari yake ya London kwa ajili ya jumba la sanaa ya kisasa. Anavuka mto Thames kwa miguu, anaingia Tate Modern, na saa moja na nusu baadaye yuko nje, amekaa ukingoni mwa mto anasugua visigino. Ukimuuliza ameona nini, atakutajia ukumbi mkubwa mtupu, matofali yaliyolazwa sakafuni, michoro myekundu gizani na foleni ya choo. Kiingilio hakulipa, lakini nauli, viza na muda vyote kavilipia, kwa hiyo ana haki ya kunung'unika.

Manung'uniko hayo karibu yote yana chanzo kinachojulikana, na mengi huanza kabla mtu hajafika mlangoni. Tate Modern nimeichukua kama mfano kwa sababu ndiyo jumba la aina hii ambalo wasafiri wetu hulifikia kwa urahisi zaidi Ulaya. Mengi ya yatakayofuata yatakufaa hata New York au Cape Town. Paris ina habari yake: Centre Pompidou lilifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati na limepangwa kufunguliwa tena 2030, na bado kuna watu wanashuka kwenye treni na kukuta uzio.

Kosa la kwanza ni kuliona jumba kama duka lenye bidhaa za kudumu. Mtu ameona picha ya kazi fulani kwenye simu, imeandikwa "Tate, London", naye anafunga safari kuifuata. Tate ni taasisi yenye kazi zaidi ya 70,000, na zinagawanywa kwenye majumba manne: Tate Modern na Tate Britain hapa London, Tate Liverpool, iliyofungwa mwaka 2023 kwa ukarabati, na Tate St Ives kule Cornwall. Zinazotundikwa kwa wakati mmoja ni sehemu ndogo tu ya hizo. Zilizobaki ziko ghalani, ziko kwa mafundi wa ukarabati, au zimeazimwa.

Kuazimwa si jambo la nadra. Chumba cha Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, ndicho kinachotafutwa kuliko karibu vyote Tate Modern. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 michoro yake hiyo ilikuwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya Rothko katika jumba la sanaa la Fondation Louis Vuitton. Aliyekuja London miezi hiyo kwa ajili ya Rothko alichelewa treni, kama msemo ulivyo, ila safari hii treni yenyewe ilikuwa imepeleka michoro Ufaransa.

Sababu nyingine ni mwanga. Picha za kamera, michoro ya penseli, rangi za maji na kazi nyingine za karatasi huchujuka zikimulikwa sana. Kawaida ya makumbusho ni kuzimulika kwa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, wakati meza ya ofisi huwekewa luksi kama 500. Hata kwa mwanga huo hafifu hazitundikwi zaidi ya miezi michache, kisha hurudishwa gizani zikapumzike. Kwa hiyo picha ya kamera uliyoiona mwaka juzi ina uwezekano mkubwa wa kutokuwepo mwaka huu, bila kosa la mtu yeyote.

Dawa yake ni ya dakika tano. Fungua tovuti ya Tate, tafuta jina la msanii, kisha bofya kazi yenyewe. Ukurasa wake utakuonyesha kama iko kwenye maonyesho, katika jumba gani, na ndani ya onyesho lipi. Kama huoni taarifa ya jumba wala chumba, jua iko ghalani. Fanya hivyo wiki moja kabla ya safari, urudie usiku wa kuamkia siku yenyewe. Angalia sana jina la jumba. Tate Britain iko Millbank, karibu na stesheni ya Pimlico, na huko ndiko iliko michoro ya Turner na sanaa ya Uingereza ya tangu miaka ya 1500. Tate Modern iko Bankside, upande wa pili wa mto. Watu hupotea kati ya hizo mbili kila siku, na dereva wa teksi akiambiwa "Tate" tu atachagua anayoijua yeye. Kati ya majumba hayo mawili kuna boti ya kulipia, na kwa mtu ambaye hajawahi kupita mtoni pale, boti hiyo inastahili bei yake kuliko baadhi ya maonyesho.

Jaribu utafutaji huo kwa jina la Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na mwaka 2017 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Tate wana mchoro wake wa 1991, Between the Two My Heart is Balanced. Wanawake wawili Weusi wamekaa ndani ya mashua, katikati yao kuna rundo la ramani, nao wanazichana na kuzitupa majini. Himid aliutengeneza akijibu mchoro wa zamani wa James Tissot, ambao nao ni wa Tate: askari kakaa mashuani kati ya mabibi wawili. Himid kamtoa askari, kaweka ramani. Ukiona tovuti inasema mchoro huo uko Tate Britain, panga upya siku yako. Usiende kuusubiri Bankside.

Tuje kwenye ukumbi mtupu. Jengo hili lilikuwa kituo cha kufua umeme, kimesanifiwa na Giles Gilbert Scott, yule yule aliyesanifu kibanda chekundu cha simu cha Waingereza. Kilizimwa mwaka 1981. Wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron, wakakigeuza makumbusho, na milango ikafunguliwa Mei 2000. Mahali ilipokaa mitambo pakaachwa wazi, na ndipo panapoitwa Turbine Hall: urefu mita 155, upana mita 23, kimo mita 35. Urefu huo unameza uwanja wa mpira na nusu ya mwingine.

Picha zilizoupa ukumbi huu jina ni za kazi zilizokwisha kuondolewa. Jua la bandia la Olafur Eliasson, na watu wamelala sakafuni chini yake, lilikuwa mwaka 2003. Mabomba ya kutelezea ya Carsten Höller yaliwekwa 2006, na hadi leo kuna mzazi anawauliza wahudumu watoto wapande wapi. Mapazia ya El Anatsui, ya vifuniko vya chupa vilivyofumwa kwa waya wa shaba, yalitundikwa Oktoba 2023, yakashushwa Aprili 2024. Ratiba ndiyo hiyo kwa kawaida: msanii mmoja hupewa ukumbi kwa msimu, kazi hufunguliwa Oktoba na kuondolewa Machi au Aprili. Ukienda Juni, Julai au Agosti, miezi ambayo wengi wetu husafiri, usishangae kukuta zege tupu, au michezo ya watoto wa likizo. Mwenye nafasi ya kuchagua aende Novemba: kazi ipo, na makundi ya watalii yamepungua. Baridi itamwuma nje, ndani kuna joto.

Na hata mwenye kufika kwa wakati hupigwa chenga. Oktoba 2010 Ai Weiwei alimwaga sakafuni mbegu za alizeti milioni 100, zote za kauri, zimetengenezwa kwa mikono kule Jingdezhen, Uchina. Nia ilikuwa watu watembee juu yake na kuzisikia zikilia chini ya viatu. Siku chache tu baada ya kufunguliwa, vumbi la kauri lililotimuliwa na miguu likaonekana ni hatari kwa mapafu, sehemu ikazungushiwa kamba. Waliofika wiki ya pili waliona zulia la kijivu kwa mbali. Somo la kiutendaji: kazi inayohitaji kuguswa, kukanyagwa au kuchezewa, iendee siku zake za mwanzo.

Halafu kuna mpangilio wa vyumba. Wengi huja wakitarajia historia iliyonyooka, huyu akamzaa yule, kama ukoo. Tate Modern tangu siku ya kwanza ilikataa mpango huo, ikapanga kazi kwa mada. Mwaka 2000 iliweka maua ya maji ya Claude Monet jirani na kazi ya Richard Long ya tope lililopakwa ukutani kwa mikono. Kwa mwenye kujua historia, ujirani huo unachokoza. Kwa mgeni ni sawa na kufungua kitabu katikati. Kuna sehemu ndogo iitwayo Start Display, imetengenezwa mahususi kwa anayeanza, na watu wengi huipita wakikimbilia mbele. Ianzie hiyo.

Jengo nalo linatatiza. Kwa kweli ni majengo mawili yaliyoshikana: lile la zamani la boila, siku hizi Natalie Bell Building, na mnara wa matofali uliofunguliwa 2016, Blavatnik Building. Turbine Hall iko katikati. Ukitaka kuvuka kutoka jengo moja kwenda jingine huwezi kuvukia ghorofa yoyote upendayo. Kuna sakafu ya chini, kuna kivuko cha ghorofa ya 1, na kuna daraja la ghorofa ya 4. Mtu aliye ghorofa ya 3 akiona kazi anayoitaka iko ng'ambo, hana budi kupanda moja au kushuka mbili. Chukua ramani mlangoni, zungushia vyumba vyako kwa kalamu kabla hujapanda eskaleta.

Baada ya hayo yote inabaki hasira yenyewe: "Hata mtoto wangu angeweza." Kauli hii hutolewa zaidi mbele ya Equivalent VIII ya Carl Andre, msanii wa Marekani, ya mwaka 1966. Ni matofali 120 ya kuhimili moto, ya aina inayojengewa tanuri, yamelazwa sakafuni tabaka mbili. Hakuna saruji, hakuna meza chini yake, hakuna kamba ya heshima. Kimo chake hakifiki sentimita 13. Tate waliinunua mwaka 1972, na mwaka 1976 magazeti ya Uingereza yakaivamia kwa miezi: fedha za umma, tena kwa matofali! Mtu mmoja akaenda kuimwagia rangi ya buluu.

Mwite fundi mwashi aitazame. Ataona haraka kuliko msomi wa sanaa. Ataona kwanza kwamba viungo vya matofali ya juu vimekaa sawasawa juu ya viungo vya chini, na ukuta wa namna hiyo hausimami. Ataona tofali limelala kwa upana wake, si kwa ubavu. Kisha ataanza kuhesabu: 6 upande huu, 10 upande ule, jumla 60, mara tabaka mbili, 120. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu jina lake lina namba 8, na namba 8 maana yake kuna nyingine 7.

Sitini unaweza kuipanga 3 kwa 20, 4 kwa 15, 5 kwa 12, au 6 kwa 10. Mipangilio minne. Lakini tofali si mraba, urefu wake ni mara mbili ya upana, kwa hiyo kila mpangilio una namna mbili: matofali yakitazama upande mrefu, au yakitazama upande mfupi. Nne mara mbili, nane. Andre alizilaza zote nane pamoja kwenye ukumbi mmoja New York mwaka 1966. Moja nyembamba kama njia, nyingine pana kama mkeka, zote zina matofali 120, zote zina kimo kimoja na ujazo ule ule, na hakuna mbili zilizopangwa sawasawa. Hicho ndicho jina lake linachosema: sawa kwa thamani, tofauti kwa sura. Kabla ya hapo Andre alikuwa mfanyakazi wa reli, na hesabu za mabehewa ya kupangwa na kupanguliwa hazikuwa ngeni kwake.

Tatizo la Tate Modern ni kwamba wanayo ya nane tu. Ni kama kusikiliza kiitikio bila beti. Kwa hiyo mgeni anayeikuta peke yake na kuona matofali tu hajakosea sana. Kapewa sehemu moja ya nane. Maelezo ya ukutani yangeweza kumchorea zile nyingine saba kwa mistari michache ya penseli, lakini maandishi ya kuta za majumba haya mara nyingi hupenda maneno makubwa kuliko michoro midogo. Kama utaikuta imewekwa, simama hatua nne nyuma, kisha uchuchumae mpaka macho yakaribie usawa wa sakafu. Ukiwa umesimama unaona umbo lililochorwa chini. Ukichuchumaa linakuwa kitu kizito kilichoikamata sakafu. Halafu jipangie ile ya 3 kwa 20 kichwani. Baada ya hapo ukisema huipendi, umesema kitu.

Michoro myekundu gizani ina hadithi nyingine kabisa, na kinachoharibu hapa ni macho. Rothko alipewa kazi hii mwaka 1958: michoro ya ukutani kwa ajili ya mgahawa wa kifahari wa Four Seasons, ndani ya jengo la Seagram, New York. Akaichora, kisha akajitoa. Tisa kati ya hizo akaipa Tate, kwa masharti ya namna ya kuziweka, na zilifika London tarehe 25 Februari 1970, siku ile ile aliyofariki. Alitaka zikae karibu karibu, kwenye chumba chenye mwanga hafifu.

Fikiria sasa mgeni anatoka kwenye chumba chenye mwanga mwingi, anaingia humo, anaona mabaka mekundu yaliyofifia, anapiga picha, anatoka. Sekunde 30. Jicho linalotoka kwenye mwanga linahitaji dakika 5 hadi 10 kabla ya kuanza kuona vizuri kwenye nuru hafifu, na huendelea kuzoea hata baada ya hapo. Maana yake kaondoka kabla macho yake hayajawasili. Na simu haitamsaidia: kamera hujitahidi kuongeza mwanga, matokeo yake ni kahawia ya chai iliyomwagika.

Ukitaka kuiona michoro hii, ingia, kaa kwenye benchi, zima kioo cha simu kabisa, kwa sababu kila ukiiwasha unaanza upya. Dakika mbili za mwanzo hakuna kitu. Kuanzia ya nne au ya tano, kingo za zile fremu zilizochorwa zinaanza kutengana na rangi iliyo nyuma yake. Kilichokuwa wekundu mmoja kinagawanyika kuwa damu ya mzee, zambarau, na weusi usio mweusi. Inasaidia kujua kwamba rangi imewekwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, na ndani yake Rothko alichanganya vitu kama yai, gundi na utomvu, hivyo sehemu moja inang'aa kidogo na jirani yake imefubaa. Mafundi wa Tate waliyajua haya kwa uchungu: Oktoba 2012 mtu aliandika kwa wino kwenye mmoja wa michoro hii, wino ukapenya tabaka zote, na kuusafisha kulichukua mwaka mmoja na nusu. Umerudi ukutani Mei 2014. Kama baada ya dakika 10 hujaona kitu, basi, ondoka na dhamiri safi.

Rangi ni mahali ambapo mtu wa Afrika Mashariki ana mtaji asioujua. Tate wana mchoro wa Mmarekani Jackson Pollock wa 1948, Summertime: Number 9A, mrefu mita 5 na nusu, mwembamba chini ya mita moja. Umelazwa sakafuni wakati wa kuchorwa, na rangi iliyodondoshwa juu yake ni pamoja na zile za kupakia nyumba. Watu husema hiyo si rangi ya msanii. Aliyewahi kukaa Oyster Bay, Dar es Salaam, anajua kwamba Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya mafuta ya baiskeli juu ya mbao za siling'i, na hakuna anayemkana usanii kwa hilo. Rangi za aina hiyo zina tabia zake: zinatiririka bila kukatika, zinakauka zikiwa na mng'ao, na zikirundikana zinakunja ngozi juu kama uji uliopoa. Mtazame Pollock kwa kutembea, kutoka ncha hadi ncha, ukifuata uzi mmoja mweusi. Pale uzi unaponenepa mkono ulipunguza mwendo, pale unapokuwa mwembamba mkono ulikimbia.

Kazi za video zinahitaji tahadhari moja tu: soma muda kwenye lebo kabla ya kukaa. Ukiingia katikati ya filamu ya dakika 40 na kutoka baada ya tatu, hukuiona, na hukupumzika.

Lebo yenyewe ni fupi na ina mpangilio usiobadilika sana: jina la msanii na mwaka wa kuzaliwa, jina la kazi na mwaka, vifaa, kisha namna ilivyopatikana, kama imenunuliwa au imetolewa zawadi, na namba ya kumbukumbu. Mstari wa vifaa ndio wenye faida kubwa kwa mgeni. Mbele ya Fountain ya Marcel Duchamp, lile sinki la kukojolea la wanaume lililosainiwa "R. Mutt", lebo itakuambia mwaka 1917 na pia 1964. La 1917 lilipotea. Unalolitazama ni nakala iliyotengenezwa kwa idhini yake. Waliokuja kuona "lile lenyewe" hukasirika wakijua, lakini Duchamp hakufinyanga hata la kwanza. Alilinunua.

Halafu miguu. Uchovu wa makumbusho uliandikiwa makala na Benjamin Ives Gilman tangu 1916, na tiba yake haijabadilika: vitu vichache, kukaa mara nyingi. Utafiti uliofanywa kwenye jumba la Metropolitan, New York, ukachapishwa 2001, ulikuta watu hutazama mchoro kwa wastani wa sekunde 27, na nusu ya mitazamo haikuzidi sekunde 17. Kwa mwendo huo unaweza kupita kazi 100 asubuhi moja na usikumbuke hata 5. Geuza hesabu: kazi 6, dakika 10 kila moja, pumziko la nusu saa katikati. Ni saa moja na nusu ile ile ya yule bwana anayesugua visigino.

Jumba hufunguliwa saa 4 asubuhi na kawaida hufungwa saa 12 jioni. Siku zinazochelewa kufungwa hubadilika, ziangalie kwenye tovuti. Tarehe 24, 25 na 26 Desemba limefungwa. Fika saa 4 kamili siku ya kazi, na uepuke wiki za likizo fupi za shule za Uingereza, katikati ya Februari, mwisho wa Mei na mwisho wa Oktoba. Makusanyo ni bure, na sanduku la mchango lililo mlangoni halimlazimishi mtu. Maonyesho maalumu ndiyo ya tiketi, na mabango makubwa ya nje mara nyingi hutangaza hayo ya kulipia. Hapa pia watu hukwama: kaja kwa sababu ya bango, kakuta tiketi za siku zimekwisha. Nunua mtandaoni kabla. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 25 ajiandikishe Tate Collective, mpango wa Tate wa vijana, bila malipo, atapata tiketi kwa pauni 5.

Usiende kwa ajili ya roshani ya ghorofa ya 10 bila kuulizia. Wenye nyumba za vioo za jirani walichoka kutazamwa sebuleni kwao, wakaishtaki Tate, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Picha za zamani za mzunguko mzima wa jiji kutoka pale zisikudanganye.

Yapo pia mambo ambayo ni mabaya tu. Baadhi ya kazi zilizotundikwa ni dhaifu, zimeingia kwa sababu ya mada ya chumba, na zitashushwa bila mtu kuzikumbuka. Mgeni hana deni nazo. Akishaipa kazi dakika zake 10, akasoma vifaa vyake, akaizunguka, na bado imelala, apite.

Kuja, shuka Southwark kwenye Jubilee Line, utembee kama dakika 10, au shuka St Paul's uvuke daraja la Millennium, lile lililofunguliwa Juni 2000 likayumba na kufungwa siku mbili baadaye, mpaka 2002. Daraja linakushusha kwenye mlango wa mtoni. Usiingilie huo. Zunguka hadi mlango wa magharibi, Holland Street, wenye mteremko mpana unaoshuka Turbine Hall, na uinamishe macho. Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Kolombia alipasua sakafu hii kwa ufa wa mita 167, akauita Shibboleth. Msimu ulipokwisha ufa ukajazwa, lakini alama haikufutika. Inaanza karibu na mlango, nyembamba kama unywele, rangi yake imepishana kidogo tu na zege, kisha inajipinda na kupanuka kuelekea ndani. Haiazimwi, haina msimu, na hata Julai ukumbi ukiwa mtupu unaweza kuifuata kwa kidole cha kiatu hadi upande wa pili, huku wengine wakikupita wakitazama juu.